Vivian Fuchs: Alianzia Ziwa Turkana, akaivuka Antaktika kwa magari ya theluji

Wengi wetu tunaoishi hapa London tunaijua ile asubuhi ya Januari ambapo gari linagoma kuwaka. Betri imechoka, oili imekuwa nzito kama uji uliolala, na ukitaka kufungua bolti moja tu, spana inateleza na kukuachia kidole kilichochubuka. Fundi atakuambia bolti imeshika. Ni usumbufu wa saa moja hivi, na ukishindwa kabisa, basi la abiria lipo.

Katika makala yetu ya leo tunamkumbuka mtu aliyesafiri na mashine mahali ambapo basi halipo, duka la spea halipo, na mtu akishika chuma kwa mkono mtupu ngozi yake hubaki kwenye chuma. Mtu huyo ni Sir Vivian Fuchs, aliyeongoza msafara wa kwanza kulivuka bara la Antaktika kwa nchi kavu, kutoka bahari hadi bahari, kati ya Novemba 1957 na Machi 1958.

Waingereza humkumbuka kama mtu wa barafu. Wasichokumbuka wengi ni kwamba kabla ya barafu alikuwa mtu wa Bonde la Ufa. Alitembea Olduvai, Turkana na Rukwa. Na ni huko kwetu, wala si kwenye theluji, alikopata pigo kubwa la kwanza katika kazi yake ya uongozi. Tunaona kwamba bila kuyajua yaliyotokea Turkana ni vigumu kumwelewa mzee huyu.

Mtoto wa mhamiaji

Vivian Ernest Fuchs alizaliwa tarehe 11 Februari 1908 katika mji mdogo wa Freshwater, kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Mama yake, Violet Watson, alikuwa Mwingereza. Baba yake, Ernst Fuchs, alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, baba huyo akageuka mtu wa nchi adui mbele ya serikali ya nchi aliyoichagua kuwa makazi yake. Aliwekwa kizuizini na mali ya familia ikazuiwa. Mtoto alikuwa na miaka sita tu. Wasomaji wetu walio ughaibuni hawahitaji kuelezwa sana maana ya mtoto kukua akiwa na jina ambalo majirani wanalitazama kwa jicho la shaka. Jina hilo hilo la Fuchs ndilo ambalo miaka zaidi ya arobaini baadaye lilikuja kuandikwa kwa fahari kwenye kurasa za mbele za magazeti ya London.

Alisoma Brighton College, kisha chuo cha St John's katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko mlezi wake wa masomo alikuwa James Wordie, mtaalamu wa miamba aliyekuwamo katika msafara wa Ernest Shackleton wa mwaka 1914. Inafaa tukumbushe hapa kwamba Shackleton alitaka kulivuka bara la Antaktika lote, lakini meli yake, Endurance, ilinaswa na barafu na kuzama mwaka 1915 kabla safari ya nchi kavu haijaanza. Basi kijana Fuchs alifundishwa na mtu aliyeishuhudia ndoto hiyo ikivunjika. Mwaka 1929 Wordie alimchukua katika safari ya Greenland, na hapo ndipo Fuchs alipoionja baridi kwa mara ya kwanza.

Olduvai, Turkana na Rukwa

Hata hivyo, kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa Afrika Mashariki. Mwaka 1930 na 1931 alikuwa mtaalamu wa miamba katika msafara wa Cambridge uliochunguza maziwa yetu. Baadaye mwaka huo huo wa 1931 alijiunga na Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, katika safari ya kwenda Olduvai, Tanganyika. Pamoja nao alikuwamo Hans Reck, Mjerumani aliyekuwa amechimba Olduvai tangu mwaka 1913. Walitoka Nairobi kwa magari, wakipita nyika ambazo barabara yake ilikuwa ni alama za magurudumu ya aliyetangulia.

Mwaka 1933 Fuchs alimwoa binamu yake, Joyce Connell. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 26, aliongoza msafara wake mwenyewe kwenda Ziwa Rudolf, ambalo tangu mwaka 1975 tunaliita Ziwa Turkana.

Wanaolifahamu ziwa hilo wanajua tabia zake. Lina urefu wa karibu kilomita 250, maji yake yana magadi, mamba ni wengi, na upepo unaoshuka kutoka upande wa mlima Kulal unaweza kuligeuza ziwa tulivu kuwa bahari iliyochafuka kwa muda mfupi sana. Kusini mwa ziwa kuna kisiwa cha volkano kisicho na wakazi. Fuchs alitaka kisiwa hicho kipimwe na kuchorwa kwenye ramani.

Mwezi Julai 1934 alivuka kwa mashua ndogo pamoja na mpima ardhi wa msafara, Martin. Kisha Fuchs akarudi bara, na daktari wa msafara, Dyson, akavuka ili kuungana na Martin kisiwani. Mpango ulikuwa wakae huko siku chache, wamalize vipimo na kurudi. Mwanzoni mioto ya ishara ilionekana ng'ambo. Kisha haikuonekana tena. Watu hao wawili hawakurudi. Walitafutwa, vikaonekana vitu vichache tu vilivyosukumwa na mawimbi hadi ufukweni. Miili yao haikupatikana hadi leo.

Kijana wa miaka 26 akabaki na kazi ya kuzieleza familia mbili. Hatujui usiku huo alilala vipi ufukweni, na hatutaki kumsemea. Lakini ni ukweli kwamba hakuacha kazi. Alikusanya matokeo ya utafiti wake juu ya Bonde la Ufa, na mwaka 1937 Cambridge ikampa shahada ya udaktari. Kati ya mwaka 1937 na 1938 alirudi tena, safari hii Ziwa Rukwa, kusini magharibi mwa Tanganyika.

Jambo moja tuliseme wazi. Misafara hii ilikuwa ya wakati wa ukoloni. Wapagazi, wapishi, madereva na waongozaji waliowaonyesha wageni hao maji yako wapi walikuwa watu wetu, na mara nyingi simulizi za safari hizo hazitaji majina yao. Tunapomsifu Fuchs, tukumbuke kwamba miguu iliyomfikisha Turkana na Rukwa haikuwa yake peke yake.

Aliporudi kutoka Rukwa alikuta amepata binti wa pili, Rosalind, aliyezaliwa na mtindio wa ubongo. Mtoto huyo alifariki mwaka 1945. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Fuchs alikuwa jeshini, kwanza Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, kisha Ulaya. Vita vilipoisha alipewa kazi ya utawala kaskazini mwa Ujerumani iliyoshindwa, nchi ya baba yake.

Wazo lililozaliwa hemani

Mwaka 1947 alitafuta kazi ya miamba. Angependa Afrika, lakini nafasi iliyopatikana ilikuwa Antaktika, katika idara ya Uingereza iliyokuwa ikichunguza maeneo ya kusini ya visiwa vya Falkland. Akawa kiongozi wa vituo vyote, makao yake yakiwa kisiwa cha Stonington. Alikusudia kukaa miaka miwili. Mwaka 1949 barafu iliizuia meli kuwafikia, na yeye na wenzake kumi wakalazimika kungoja mwaka mzima mwingine, hadi walipookolewa mapema mwaka 1950.

Ni katika kungoja huko, akiwa amefungiwa hemani na dhoruba pamoja na mwenzake Ray Adie, ndipo alipopata wazo la kuikamilisha ndoto ya Shackleton. Aliporudi London alipewa kuongoza ofisi ya sayansi ya idara hiyo, na kwa miaka kadhaa akabisha hodi kwenye milango ya wakubwa kutafuta fedha na idhini. Wapo waliomwona anaota. Hatimaye serikali za Uingereza, New Zealand, Australia na Afrika Kusini zilikubali kuchangia.

Mpango ulikuwa huu. Fuchs angeanzia upande wa Bahari ya Weddell. Edmund Hillary wa New Zealand, yule aliyefika kilele cha Everest mwaka 1953 pamoja na Tenzing Norgay, angeanzia upande wa pili, Bahari ya Ross, atafute njia na kuweka akiba ya mafuta na chakula kwa ajili ya nusu ya mwisho ya safari.

Mnamo Novemba 1955 meli Theron iliondoka London ikiwa na kundi la kwanza. Haikuwa safari njema. Meli ilinaswa na barafu kwa wiki kadhaa, na ilipofika, muda wa kushusha mizigo ulikuwa mfupi. Watu wanane waliachwa wajenge kituo kilichopewa jina la Shackleton. Dhoruba ikavunja barafu ya bahari na kuchukua sehemu kubwa ya akiba yao, yakiwamo mapipa mengi ya mafuta. Watu hao walipitisha majira ya baridi ya mwaka 1956 wakilala kwenye mahema, huku sebule na jiko lao likiwa ni kasha la mbao lililosafirishia gari la theluji. Fuchs alirudi na meli ya pili, Magga Dan, Januari 1957, akawakuta wote wazima.

Mashine na baridi

Sasa tufike kwenye magari yenyewe, maana bila hayo hapakuwa na safari.

Waingereza walikuwa na historia mbaya na injini huko kusini. Robert Scott alipeleka sleji tatu za mota mwaka 1910. Moja ilizama baharini wakati wa kushushwa, nyingine mbili ziliharibika injini siku chache baada ya kuanza safari. Scott na wenzake wakavuta mizigo kwa mabega yao, na hawakurudi. Wengi walijifunza kwamba mbwa anaaminika kuliko chuma.

Fuchs aliamua kuamini vyote viwili. Mbwa na ndege walitangulia kutafuta njia, na magari yakafuata na mizigo. Alikuwa na aina tatu. Weasel ni gari la Kimarekani lililobaki kutoka vitani. Muskeg ni trekta la Bombardier ya Kanada. Na wakubwa wa msafara walikuwa Sno-Cat nne kutoka kiwanda cha Tucker, Oregon, Marekani. Sno-Cat haina magurudumu. Ina miguu minne mirefu, na kila mguu umezungukwa na mkanda wa chuma wenye ngazi zinazouma theluji. Miguu yote minne husukumwa na injini, na dereva akikata kona, ya mbele na ya nyuma hugeuka pande tofauti, hivyo gari hukunja bila kuburuza.

Mafundi wawili, David Pratt na Roy Homard, ndio walioyabeba magari hayo mikononi. Msomaji aliyewahi kukaa gereji ya Gerezani au Gikomba ataielewa kazi yao, ila aifikirie ikifanyika kwenye upepo wa barafu. Chuma kikipoa sana hupoteza unyumbufu na kukatika kama kijiti kikavu. Grisi hugandamana. Mpira hukakamaa na kupasuka. Injini haiwashwi mpaka ipashwe moto kwanza.

Na bolti? Hilo ni somo peke yake. Theluji laini huingia kwenye hesi, huyeyuka kwa joto la injini, kisha huganda upya usiku. Aidha, alumini husinyaa kwa baridi kuliko chuma cha pua, kwa hiyo bolti na mahali ilipofungwa haviwi tena na kipimo kimoja. Fundi mwenye pupa huongeza bomba kwenye spana na kuvuta kwa nguvu zote. Kichwa cha bolti hukatika, na kiini hubaki ndani ya injini. Fundi mwenye subira hupasha moto sehemu inayoizunguka bolti ili itanuke, huigonga kwa nyundo kidogo kidogo, huitia mafuta mepesi, kisha huizungusha robo mbele na robo nyuma hadi ikubali. Akifanya hivyo na glavu nene mkononi, saa moja ya London huwa nusu siku. Na mbele ya fundi huyo wapo watu kumi na mmoja wanaongoja.

Siku 99

Tarehe 24 Novemba 1957 Fuchs aliondoka kituo cha Shackleton. Mwanzo ulikuwa wa kukatisha tamaa. Kituo cha ndani, South Ice, kilikuwa zaidi ya kilomita 400 kusini, na safari ya kukifikia ilichukua karibu mwezi mzima, kwa sababu eneo lote lilijaa nyufa za barafu zilizofunikwa na theluji nyembamba kama blanketi juu ya kisima. Watu walitangulia kwa miguu wakichoma theluji kwa vijiti virefu kutafuta mashimo.

Gari moja la Sno-Cat, lililopewa jina la Rock 'n Roll, lilikuwa likiendeshwa na Fuchs mwenyewe theluji ilipofunguka chini yake. Likabaki likining'inia juu ya ufa, limeshikwa na ncha za miguu ya mbele na ya nyuma tu. Picha yake ilizunguka dunia nzima. Watu wengine wangelisamehe. Wao walishusha madaraja mafupi ya alumini chini ya miguu iliyokuwa hewani, wakaunganisha Sno-Cat nyingine kwa nyaya, mbele za kuvuta na nyuma ya kuzuia, na gari likatoka likiwa zima. Kazi kama hiyo ilirudiwa mara kadhaa kabla ya South Ice, na kila mara msafara wote ulisimama kungoja.

Siku ya Krismasi waliondoka South Ice, watu 12 na magari manane. Kila baada ya masafa maalumu walisimama na kulipua baruti ndogo ili kupima unene wa barafu kwa mwangwi. Vipimo hivyo, ambavyo vilionyesha umbo la ardhi iliyojificha chini ya barafu, ndivyo vilivyokuwa shabaha ya kisayansi ya safari. Lakini kila kituo kilikula muda, na kadiri walivyopanda ndivyo hewa ilivyopungua. Ncha ya Kusini iko karibu mita 2,800 juu ya usawa wa bahari. Injini huko huhema kama lori lililotoka Mombasa likipanda Limuru.

Mzozo wa Ncha ya Kusini

Upande wa pili Hillary alikuwa amemaliza kazi yake mapema. Alikuwa na matrekta matatu ya shambani aina ya Ferguson, yaliyovalishwa mikanda. Baada ya kuweka ghala la mwisho la akiba, hakungoja. Alisonga mbele na kufika Ncha ya Kusini tarehe 4 Januari 1958, akiwa amebakiwa na mafuta kidogo sana. Alikuwa wa kwanza kufika huko kwa nchi kavu tangu Scott mwaka 1912, na wa kwanza kabisa kufika kwa magari.

Magazeti ya London yakapata walichokitaka: mashindano. Mmoja amefika kwa trekta la shamba, mwingine mwenye magari makubwa bado anasuasua. Ndipo Hillary alipomtumia Fuchs ujumbe wa redio akimshauri aishie Ncha ya Kusini, ayaache magari hapo, watu watolewe kwa ndege na safari imaliziwe msimu unaofuata, maana baridi ilikuwa inakaribia. Ujumbe huo ukavuja, na ulimwengu mzima ukawa unajadili kama Fuchs ni shujaa au mkaidi.

Tukiwa waadilifu, ushauri wa Hillary haukuwa wa kijinga. Waliochelewa huko kusini wamelipa kwa roho zao, na Scott alikuwa mfano. Fuchs naye alikuwa na hesabu yake: magari yaliyo mabovu zaidi angeyaacha njiani moja baada ya jingine, na Sno-Cat nne, ambazo mafundi wake walikuwa wamezitunza tangu mwanzo, zingefika. Alijibu kwa adabu kwamba hataacha. Aliwaamini mafundi kuliko kalenda.

Alifika Ncha ya Kusini tarehe 19 Januari, akapokewa na Hillary pamoja na Wamarekani wenye kituo hapo. Tarehe 24 akaendelea. Hillary, na hili ni la kumsifu, aliruka baadaye kwa ndege akaungana naye kwenye ghala la mwisho ili amwonyeshe njia ya kushukia kwenye mto wa barafu wa Skelton. Jina hilo ni la Reginald Skelton, mhandisi aliyesaidia kutengeneza zile sleji za mota za Scott zilizoshindwa. Kwa hiyo mashine zilizofaulu zilishukia kwenye njia yenye jina la fundi wa mashine zilizoshindwa.

Hata hapo hatari haikuisha. Mmoja wa wanasayansi, Geoffrey Pratt, alikutwa amelewa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi kutoka kwenye moshi wa injini iliyokuwa ikiingia ndani ya gari lake. Daktari wa msafara alimtibu kwa oksijeni, na ndege za Wamarekani zikadondosha mitungi zaidi. Alipona.

Tarehe 2 Machi 1958 Sno-Cat zote nne ziliingia Scott Base, kando ya Bahari ya Ross. Siku 99, kilomita 3,473. Fuchs alikuwa amekadiria siku 100. Watu 12 walioondoka, watu 12 walifika.

Baada ya safari

Malkia Elizabeth alimpa cheo cha Sir mwaka huo huo, na Chama cha Kifalme cha Jiografia, chenye makao yake Kensington hapa London, kikampa medali maalumu ya dhahabu. Miaka mingi baadaye, kuanzia 1982 hadi 1984, alikuwa rais wa chama hicho.

Lakini hakuishi kwa kula sifa. Kuanzia mwaka 1958 hadi 1973 aliongoza idara ile ile ya utafiti, ambayo mwaka 1962 ilipewa jina la British Antarctic Survey. Chini yake vituo vilivyokuwa vibanda vya wavumilivu viligeuka maabara za kudumu. Kimoja ni Halley, kilichofunguliwa mwaka 1956 na ambacho idara yake ilikirithi. Vipimo vya hewa vilivyochukuliwa hapo mwaka hadi mwaka ndivyo vilivyowawezesha Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin kutangaza mwaka 1985 kwamba tabaka la ozoni limetoboka. Kila mtu duniani, awe Lamu au Lewisham, amefaidika na kazi hiyo.

Usafiri nao ulibadilika. Mwaka 1959 Bombardier ilianza kuuza Ski-Doo, pikipiki ndogo ya theluji, na taratibu vyombo vya namna hiyo vikachukua nafasi ya mbwa. Klachi yake haina pedali. Kuna puli mbili na mkanda. Puli ya injini ina vizito vidogo ambavyo, injini ikizunguka kasi, hutawanyika na kuibana puli, mkanda ukapanda na chombo kikaondoka, kama zile skuta za mjini zisizo na gia. Fundi hucheza na uzito huo na ukali wa springi. Ukizidi, injini hulemewa; ukipungua, injini hupiga kelele na chombo hakiendi. Mbwa wa mwisho wa Waingereza waliondolewa Antaktika mwaka 1994.

Tusimalize kana kwamba mashine zilikuwa baraka tupu. Mwaka 1965, Fuchs akiwa mkurugenzi, trekta aina ya Muskeg lilitumbukia katika ufa wa barafu na watu watatu wakafa. Mara nyingine tena alikuwa mkubwa wa kazi, na mara nyingine tena kulikuwa na familia za kuelezwa. Ukiyaweka Turkana ya mwaka 1934 na tukio hilo pamoja, unaona kwamba ushindi wa mwaka 1958 ulikuwa katikati ya misiba miwili, na kwamba mtu aliyeusimamia alijua bei ya kosa.

Mkewe Joyce alifariki mwaka 1990. Sir Vivian Fuchs alifariki Cambridge tarehe 11 Novemba 1999, akiwa na umri wa miaka 91.

Leo kisiwa kile cha kusini mwa Ziwa Turkana ni hifadhi ya taifa ya Kenya, na tangu mwaka 2001 kimo katika orodha ya urithi wa dunia. Huko Christchurch, New Zealand, Sno-Cat mojawapo, iitwayo Able, imehifadhiwa na jumba la makumbusho la Canterbury.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Dunia humkumbuka zaidi aliyetangulia, na mwaka 1958 aliyetangulia alikuwa Hillary na matrekta yake. Sisi tunamkumbuka pia aliyesimama kungoja gari la nyuma, akampa fundi muda wa kuilegeza bolti bila kuivunja, na mwisho akahesabu watu wake akawakuta wote. Mtu aliyewahi kungoja ufukweni Turkana mioto isiyowashwa tena, bila shaka alijua kwa nini hesabu hiyo ni muhimu kuliko tarehe ya kufika.